Ukali wa Ulimi, Ukali wa Mkono

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumrudi mtu. Kuna kuonya na kukanya, ambazo ni kazi za mzazi na za mwalimu wa chuoni. Kuna kukemea na kukaripia, ambako sauti hupanda na jicho hukunjamana. Kuna kulaumu na kushutumu. Kuna kubeza, kukejeli na kukashifu, ambako nia ya kutengeneza imekwisha kuondoka ikabaki nia ya kuumiza. Kuna kusimanga, nako ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea hadi wema wenyewe ugeuke shubiri kinywani mwake. Na yako maneno mawili ambayo wasemaji wa pwani huyatenganisha kwa uangalifu mkubwa kuliko hayo yote: kusuta na kusengenya.

Kusuta ni kumkabili mtu uso kwa uso, shahidi akiwapo, akaambiwa: ulisema neno hili, ulitenda jambo hili. Wanawake wa mitaani wanaijua vyema kanuni yake. Haendi mtu kusuta bila ya kumchukua yule aliyesikia. Anayesutwa ana nafasi ya kukana, ya kujieleza, ya kuomba radhi, au hata ya kumgeuzia kibao aliyekuja kumsuta. Suto huwa kali, aghalabu huliza. Kusengenya ni kuyasema hayo hayo, pengine yakiwa kweli tupu, mwenyewe akiwa hayupo. Wala ukweli wa neno hausafishi sengenyo. Mtu aweza kusema kweli kuhusu jirani yake kutwa nzima, na bado jioni akawa amemdhulumu.

Tofauti hiyo ndiyo itakayoongoza makala haya, kwa kuwa watu wengi wanapojadili ukali wa historia, yaani lawama kali walizotupiana mataifa na adhabu kali walizopeana, huuliza tu kama lawama ilikuwa ya kweli na kama adhabu ilizidi kiasi. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Lipo jingine la kutangulia: aliyelaumiwa alikuwapo? Alipewa kiti?

Hakuna haja ya kwenda mbali kulitafuta jibu. Kaole inatosha.

Magofu ya Kaole yako kiasi cha kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo. Ipo misikiti miwili, wa kale zaidi ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na yapo makaburi ya nguzo ambayo wenyewe waliyapamba kwa vibakuli vya Kichina. Neville Chittick aliyafukua mwaka 1958. Bahari imejivuta nyuma, na mikoko imeota pale palipokuwa bandari. Kufika katikati ya karne ya 19 mji wenyewe wa kale ulikuwa umekwisha kufa zamani, lakini jina lilikuwa hai, na kikosi cha askari wa Kibulushi wa Sayyid Majid wa Unguja kilikaa hapo kulinda njia ya kwendea bara.

Hapo ndipo Richard Burton na John Hanning Speke walipoanzia safari yao ya maziwa makuu, mwezi wa Juni 1857. Katika kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa, kilichotoka London mwaka 1860, Burton anasimulia kisa kimoja cha Kaole ambacho kinastahili kukumbukwa na kila mpenda lugha. Ladha Damji, mkubwa wa forodha, alikuwa akipiga hesabu za msafara pamoja na mfanyabiashara mwenziwe, Ramji. Wakanong'onezana kwa Kikachi, lugha ya kwao, kama Mzungu huyu atafika aendako; wakaafikiana kwamba hafiki. Hawakujua kwamba Burton, aliyekuwa askari wa Kampuni ya Kiingereza huko Sindi, alikuwa akielewa kila neno. Walimsengenya mtu aliyekuwa amekaa mbele yao.

Burton alinyamaza. Alilipa baadaye, kwa wino. Watu wa Mrima katika kitabu chake ni wavivu, ni waongo, ni walevi, ni waoga, na kila tabia mbaya aliyoikuta kwa mtu mmoja ameifanya kuwa sifa ya kabila zima. Hata wapagazi waliombebea kalamu na karatasi hawakusalimika. Haidhuru kusema kwamba alikuwa mtu mwenye elimu nyingi na jicho kali, na kwamba mwanahistoria wa leo hawezi kuiandika pwani ya wakati ule bila ya kumsoma. Ndiyo maana kisa chake kinauma. Mjinga akisengenya, maneno yake hufa barazani. Mjuzi akisengenya, huchapishwa.

Na tofauti ya suto na sengenyo alikuwa akiijua, maana yeye na Speke waligombana vikali juu ya chanzo cha mto Nile. Kila mmoja alikuwa na vitabu, majarida na marafiki wa kumtetea, na Septemba 1864 wakaandaliwa ukumbi mjini Bath wakabiliane mbele ya mabingwa wa jiografia. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla. Lakini ukumbi ulikuwapo, na watu walikuwa wamekwisha kualikwa. Kwa mtu wa Kaole hapakuwa na ukumbi. Aliyesemwa mwaka 1860 hakujua kwamba amesemwa. Kitabu kilisomwa na watu ambao hangewaona, kwa lugha ambayo hangeisoma.

Mmoja aliyekuwapo safari zote mbili za Speke alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi huru. Katika safari ya pili Speke alimpiga makonde mbele ya wapagazi kwa sababu ya kubishana naye, na akaliandika tukio hilo mwenyewe bila ya haya kubwa. Mwaka 1876 Jumuiya ya Jiografia ya London ilimpa Bombay nishani ya fedha na pensheni ndogo. Nishani ni jambo jema. Lakini Bombay ameandikwa na wengi na hakuandika, na hukumu yake juu ya mabwana aliowaongoza maelfu ya maili haimo katika maktaba yoyote.

Wahenga walisema akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Miaka 28 baada ya kitabu cha Burton, usiku uliingia.

Aprili 1888 Sayyid Khalifa alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani, na Agosti maofisa wa kampuni wakaanza kupandisha bendera yao. Pangani kulikuwa na Emil von Zelewski, ambaye watu wa nchi walimwita Nyundo, na jina hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu namna alivyozungumza na watu. Mji ukachafuka, kisha pwani nzima, na uongozi ukaangukia kwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Wakati huo huo huko Ulaya, Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka miji mikubwa akihubiri vita dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 27 Oktoba 1888 ulifanyika mkutano mkubwa katika ukumbi wa Gürzenich mjini Cologne, Wakatoliki na Waprotestanti wakakaa pamoja, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile, na utumwa wa Afrika Mashariki ukalaaniwa kwa maneno mazito. Kansela Bismarck, ambaye hakuwa akijulikana kwa huruma juu ya Waafrika, aliona mlango umefunguka. Tarehe 30 Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni 2 za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Fedha hizo ndizo zilizomleta Hermann von Wissmann, pamoja na askari wa Kisudani walioajiriwa Misri na wengine waliotolewa Msumbiji.

Wissmann aliivunja boma ya Abushiri nje ya Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889. Mwezi wa Disemba Abushiri alikamatwa, na tarehe 15 akanyongwa Pangani. Bagamoyo nayo ilipata pahala pake pa kunyongea, karibu na bahari, na palitumika.

Hapa ndipo mfuatano unapoonekana wazi. Mikutano ya Cologne ilikuwa sengenyo kubwa kupita yote yaliyowahi kufanywa dhidi ya pwani hii. Mtu wa Mrima alishitakiwa, akahukumiwa na akapitishiwa bajeti ya adhabu yake, na hakuna hata mmoja wa watu wake aliyeitwa ukumbini. Wala mtumwa hakuitwa. Wote wawili, mwenye mnyororo na mwenye kufungwa mnyororo, walisemewa. Matokeo yakafanana na maandalizi. Utawala ulioingia kwa jina la kukomesha utumwa haukuukomesha. Ulipiga vita biashara ya misafara, ndiyo, lakini umiliki wenyewe ukaachwa. Amri ya mwaka 1904 iliwaahidi uhuru watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905 tu, na ikabidi kungojea sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 ndipo utumwa upigwe marufuku Tanganyika. Kwa upande wa fimbo hapakuwa na kungojea. Kiboko kikawa chombo cha kila siku cha dola. Amri ya mwaka 1896 iliweka mpaka wa mapigo 25 kwa mara moja, ikawatoa wanawake, Waarabu na Wahindi, na watu wakaipa adhabu hiyo jina la hamsa ishirini. Waliobaki chini ya kiboko walikuwa wanaume Waafrika, aliyekuwa mtumwa na asiyekuwa. Hao ndio Cologne ilikuwa imewalilia.

Mpaka hapa msomaji wa pwani huenda anatikisa kichwa kwa ridhaa. Kisa cha mkoloni mnafiki ni kisa anachokipenda, nacho ni cha kweli. Lakini lipo tatizo, na kulikwepa ni kulidanganya jambo lenyewe. Yale yaliyosemwa Cologne kuhusu utumwa hayakuwa uongo.

Abushiri, shujaa aliyepigania nchi yake na kunyongwa kwa ajili yake, alikuwa mtu wa mashamba ya miwa karibu na Pangani, na miwa ile ililimwa na watumwa. Haya mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja na hayaondoani. Watu wake waliishambulia misheni ya Wabenedikti huko Pugu mnamo Januari 1889 na kuwaua watawa. Na watu wake hao hao waliiacha salama misheni ya Wakatoliki ya Bagamoyo, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1868 na kujaa watumwa waliokombolewa, na ambayo siku za vita iliwapa hifadhi maelfu ya wakimbizi. Anayetaka kumfanya Abushiri malaika atashindwa, na anayetaka kumfanya haramia atashindwa vile vile.

Tena kuna neno. Kabla ya Burton kumwita mtu wa Mrima kwa majina aliyomwita, mtu wa Mrima alikuwa amekwisha kumpa mtu wa bara jina lake: mshenzi. Neno hilo halikuwa tusi la hasira. Lilikuwa daraja. Lilimweka mtu nje ya dini, nje ya mji, nje ya uungwana, na aliyewekwa nje aweza kununuliwa. Mtu aliyefika pwani na mnyororo shingoni alikuwa amekwisha kufungwa na neno kabla ya chuma kumfikia. Naye hakuwapo barazani neno lile lilipotungwa. Kama sengenyo ndiyo iliyotangulia kamba ya Wissmann, basi sengenyo ndiyo iliyotangulia mnyororo wa Bagamoyo pia, na waliolisema neno lile walikuwa watu wenye adabu, wenye kusali, wenye kutunga mashairi mazuri.

Aliyeyaandika mambo haya kwa utulivu kuliko wote alikuwa mtu wa hapo hapo. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Katika kitabu hicho anaeleza utumwa kama anavyoeleza harusi na mazishi: daraja za watumwa, mzalia na aliyeletwa, adabu walizotakiwa kuzishika mbele ya waungwana. Hakaripii wala hatetei. Wapo wasomaji wa leo ambao utulivu huo unawaudhi, wangependa ahukumu. Udhia wao una sababu. Mtu anayesimulia unyonge wa mwenziwe bila ya sauti kupanda anaweza kumfanya msomaji auzoee unyonge huo. Hata hivyo, Mtoro alifanya kazi ambayo Cologne haikuifanya. Alitoa ushahidi, na bila ya shahidi hakuna suto. Kila mtu wa pwani anayetaka kuusuta utumwa wa pwani leo, na kuusuta kwa haki, ataanzia kwake, kwa sababu Mtoro alikuwa mmoja wao na alikuwapo.

Naye hakulipwa upole kwa upole wake. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Alipojaribu mwaka 1905 kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni haikukubali waishi humo kama mume na mke, akalazimika kurejea Ujerumani, na huko Berlin ndiko alikofia mwaka 1927. Hakuna neno kali aliloliandika ambalo lingeweza kutajwa kuwa sababu.

Ushahidi wa watumwa wenyewe ni mchache, na mwingi umepitia vinywa vya wengine. Swema, msichana wa Kiyao aliyefikishwa Unguja akiwa mahututi na kuzikwa angali hai, aliokolewa akapelekwa misheni, na hadithi yake ikaandikwa na mapadri katika miaka ya 1860 kwa ajili ya wasomaji wa Ufaransa. James Mbotela, mwana wa watumwa waliokombolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na kitabu hicho kikasomeshwa mashuleni miaka mingi. Wengi wa pwani walikichukia, wakasema kinawapaka Waarabu masizi na kumsifu Mwingereza kupita kiasi. Wamesema kweli kuhusu sifa. Lakini kuyakataa mateso yaliyosimuliwa kwa kuwa msimulizi amemsifu mkombozi wake ni kumtaka aliyenusurika kuzama alaani kwanza mashua iliyomwopoa. Masimango ya Mwingereza yana ubaya wake. Hayamfuti mtumwa.

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili lote. Neno la kweli likitoka katika kinywa kibaya, kinywa hulichafua, na aliyelaumiwa hupata kisingizio cha kutolisikia kamwe. Ndivyo ilivyokuwa pwani. Kwa kuwa lawama ya utumwa ilikuja na meli za kivita, kuikataa lawama kukawa ni kama kuzikataa meli. Vizazi vikarithi ukimya uliojidhani kuwa uzalendo.

Na ukimya haukuiua lawama. Uliiweka akiba. Visiwani, katika zile zama za siasa baina ya mwaka 1957 na 1963, iliibuka upya majukwaani na magazetini, Mwongozi upande huu na Afrika Kwetu upande ule, na babu wa mtu akawa hoja dhidi ya mjukuu. Wengi waliotukanwa kwa utumwa hawakuwahi kumiliki hata mbuzi; walikuwa wenye viduka vya mashamba, wamefika Unguja baada ya mwaka 1897, utumwa ulipokwisha kuondolewa kisheria. Wengi waliotukanwa kwa asili ya bara walikuwa wamezaliwa visiwani na baba zao pia. Juni 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Januari 1964 ilikuja na vifo ambavyo idadi yake inabishaniwa mpaka leo. Hapana anayeweza kusema kwamba maneno peke yake yaliua. Palikuwa na ardhi, palikuwa na kura, palikuwa na njaa. Lakini waliokuwapo wanajua kwamba katika miaka ile watu waliacha kuzikana, na kununua dukani kwa kufuata chama, kabla ya panga lolote kutoka alani. Ulimi ulikuwa umekwisha kuwatenga.

Je, dawa ni kulainisha ulimi? Wako wanaofikiri hivyo, na katika mikutano ya upatanisho husikika wakiwahimiza watu wasifukue makaburi. Ushairi wa pwani unashuhudia kinyume chake. Hakuna utamaduni uliolea maneno makali kwa mapenzi kama huu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alizirushia Lamu na Unguja mashairi ya vita, na washairi wa Lamu, Bwana Zahidi Mngumi akiwa mbele yao, hawakuwa wapole kwa Mombasa. Lakini ushairi huo ulikuwa na sharti lake: shairi lilitumwa kwa mwenyewe. Lilipanda jahazi likamfikia aliyekusudiwa, naye alitarajiwa kujibu, tena kwa bahari ile ile na vina visivyopungua ufundi. Ukali wote ule ulikuwa ni namna ya kumheshimu mpinzani, kwa kuwa humwandikii jibizano mtu unayemdhani hana ulimi.

Siti binti Saad wa Fumba, binti wa watu waliokuwa watumwa, alichekwa na wapinzani wake kwa sura yake na asili yake. Hakushitaki kokote. Alijibu kwa nyimbo, na nyimbo zake zikarekodiwa Bombay mwaka 1928, zikasikika pwani nzima. Wimbo wake wa Kijiti, unaohusu kuuawa kwa mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam na mahakama iliyowaadhibu mashahidi huku muuaji akikimbia, ni suto kamili: tukio lipo, majina yapo, na wanaosutwa wanaishi mtaa wa pili. Hakuna serikali iliyopenda kuimbwa hivyo. Lakini ilikuwapo, na iliweza kujibu.

Serikali kwa kawaida hujibu kwa mkono. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, ulikuwa mkali, nao ulielekezwa kwa wenye nguvu kuliko yeye, ambao walikuwa na redio, magazeti na bunge la kujibia. Wakachagua gereza. Alikaa humo tangu 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga kwa siri yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Nchi zetu zina ucheshi wake.

Haifai kumalizia upande huu bila ya kumtaja August Bebel, kwa sababu Wajerumani nao hawakuwa kinywa kimoja. Machi 1896 alisimama bungeni Berlin na kumshutumu Carl Peters, mwasisi wa koloni lenyewe, kwa kuwanyonga huko Kilimanjaro, baina ya mwaka 1891 na 1892, mtumishi wake Mabruk na msichana wa Kiafrika aitwaye Jagodja. Maneno ya Bebel yalikuwa makali kuliko yote ya Cologne. Peters alikuwapo duniani, mzima, mwenye marafiki na mawakili. Alijitetea mbele ya mahakama ya nidhamu, akafukuzwa kazi mwaka 1897, kisha akaendelea kuwashitaki waandishi wa magazeti kwa kumkashifu, na mwaka 1937, miaka mingi baada ya kufa kwake, Hitler akamrudishia heshima. Mtu aliyesutwa kwa haki alipata nafasi zote za kujibu, hata nyingine alizipata kaburini. Mabruk na Jagodja hawakupata hata moja.

Basi vipi wasutwe waliokufa? Wafu wa Kaole, wa Bagamoyo, wa Pangani hawawezi kukaa kitini, na kila anayewahukumu leo anasema mbele ya watu wasiokuwapo. Kuwaacha kwa sababu hiyo ni kumwacha pia mtumwa aliyepita njia yao. Kuna njia moja nyembamba iliyobaki, nayo ni ile ya mtu anayekwenda kusuta kwa niaba ya mgonjwa: achukue shahidi wake, ataje jina na siku, asiingize ukoo mzima katika kosa la mmoja, na jibu ambalo aliyekufa angelitoa alitafute yeye mwenyewe na kulisema kwa sauti ile ile. Kazi hiyo ni nzito kuliko kulaani na ni nzito kuliko kusamehe, na pengine ndiyo sababu wanaoifanya ni wachache.

Hata jina la Bagamoyo lenyewe halijasutwa likakubali. Wengine husema ni kilio cha mateka aliyefika baharini akabwaga moyo wa kurudi kwao. Wengine, na wanahistoria kadhaa wako pamoja nao, husema ni pumzi ya mpagazi wa Kinyamwezi aliyetua pembe baada ya miezi ya kutembea, akaubwaga moyo upumzike. Wote wawili walipita hapo, mara nyingine katika msafara mmoja, na hakuna aliyewauliza.

Anayetembea Bagamoyo kandokando ya bahari huyaona makaburi madogo ya Wajerumani, yaliyozungushiwa ukuta na kutunzwa vizuri, majina na tarehe zikisomeka. Si mbali na hapo pana jiwe linaloonyesha mahali walipokuwa wakinyongwa waliompinga mkoloni. Jiwe hilo linaitaja kazi iliyofanyika hapo. Majina ya walionyongwa halikuyataja. Kusini, Kaole, mwenye kaburi la nguzo alimwekea maiti wake kibakuli kilichotoka Uchina. Waliofikishwa ufukweni na mnyororo, wakafa kabla ya jahazi kung'oa nanga, walizikwa mahali fulani kati ya hapo na hapo.